Friji haigandishi, muuzaji ananizungusha

SWALI: Shangazi, nilinunua friji Ngamiani nigandishe barafu za kuuza. Haigandishi, na mwenye duka ananipiga kalenda. Nasikia serikali inapokea malalamiko mtandaoni. Naanzia wapi?
Mama Barafu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mwanangu, kwanza mwandikie muuzaji ujumbe wa simu. Akikujibu jeuri, huo ni ushahidi. Kisha ingia e-Mrejesho, ndio mfumo huo wa serikali wa malalamiko mtandaoni. Wa simu ya vitufe hupiga *152*00#. Chagua taasisi kwa makini: bidhaa mbovu ni kazi ya Tume ya Ushindani (FCC). EWURA wao ni umeme, mafuta na maji. Usimwage hasira (najua unayo). Taja tarehe, bei na ahadi uliyopewa. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ipige picha leo hii, maana maandishi yake hufifia, tena kwa joto letu hili!