Kidole cha mguu si "finger"

Nilianza Mlima Kilimanjaro kama mgumu, yaani mpagazi, nikabeba mizigo misimu minne kabla ya kupata leseni ya kuongoza wageni. Kiingereza nilikiokota njiani, Marangu mpaka Kibo, na vumbi lake.

Safari moja tulishuka kutoka Uhuru, mita 5,895, tukaenda kulala Horombo, mita 3,720. Huo ni mteremko wa zaidi ya mita 2,000 kwa siku moja, vidole vikigonga ncha ya buti kila hatua. Mgeni wangu alifika kucha ya dole gumba imeshakuwa nyeusi. Moshi nikamjazia fomu ya bima, nikaandika "finger". Baada ya wiki mbili likaja swali ofisini: mgeni alikuwa anatembea, mkono uliumiaje?

Kwetu kidole ni kidole, kiwe cha mkono au cha mguu. Kwa Kiingereza cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Tena mkono wetu unaanzia begani mpaka kwenye kucha, wao wanaukata: "arm" inaishia kwenye kifundo, mbele ya hapo ni "hand". Mguu nao ni "leg", halafu "foot". Vijana mnaoingia kazini, ukiripoti majeruhi kwa redio usikimbilie neno. Jiulize kwanza kwa Kiswahili: ni kiganja, kiwiko au unyayo?

Kingine nakisikia kila siku getini, wageni wakiandikishwa: "Borrow me your pen." Kosa hilo ni mtoto wa "niazime kalamu". Kwetu mwenye kalamu anaazima, na asiye nayo anaazima. Kwao anayetoa ndiye wa "lend", anayechukua ndiye wa "borrow".

"Escort" nayo iache. Nilimwambia mama mmoja mtu mzima kwamba nita-"escort" mpaka hotelini kwake, akanitazama vibaya. Kusindikiza kwetu ni adabu. Lile neno lao lina askari ndani yake, au mtu wa kulipwa kwa usiku.

Mgeni akijikwaa huwa nasema "sorry", naye anashangaa: kwani wewe ndiye uliyeniangusha? Hili nalijua ni kosa na sijaliacha. Mtu anaanguka mbele yangu, ninyamaze? Wengi ikifika siku ya tatu wanaambiana "pole" wenyewe.