Kwa mnaokuja Belfast kusoma siasa na haki za Ireland

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua jezi ya mtumba, pauni tatu, mistari ya kijani na nyeupe, safi kabisa. Nilipenda rangi tu. Nikaivaa, nikapanda basi la kwenda mashariki ya mji, kwenye Waprotestanti wengi. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka mara mbili, halafu akaniambia taratibu: "Kijana, funga zipu ya koti." Jioni ndipo mwenzangu wa bwenini aliponifahamisha kwamba Celtic ya Glasgow, timu ipendwayo na Wakatoliki, huku si timu ya mpira tu. Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Kwetu ukipita Jangwani na jezi nyekundu utataniwa mpaka ukome, yakaisha. Belfast jezi inataja dini uliyozaliwa nayo, mtaa unaotoka, na bendera unayotaka ipepee. Mzee yule sijamwona tena, ila ndiye mwalimu wangu wa kwanza.

Mwalimu wa pili alikuwa kalamu nyekundu. Insha yangu ya kwanza niliiwaza kwa Kiswahili, na humo ndimo nilimoteleza. Wanaotaka Ireland iwe nchi moja, wengi wao Wakatoliki, niliwabeba kichwani kama "wazalendo". Sasa, mzalendo kwetu ni sifa. Ukishamwita mtu mzalendo umeshamtetea kabla ya kesi kusikilizwa. Na yule anayetaka Ireland ya Kaskazini ibaki na Uingereza, mara nyingi Mprotestanti, naye anajiona mzalendo, tena babu yake huenda alipigana Somme mwaka 1916 katika jeshi la Uingereza. Huyo naye nikamwita "mtu wa muungano", sikio langu la Kitanzania likakimbilia 1964, Tanganyika na Zanzibar, kitu tofauti kabisa. Baadaye nikaamua kuandika kwa urefu bila aibu: wanaotaka Ireland moja, wanaotaka kubaki na Uingereza. Na kila upande una watu wa kura na watu wa bunduki, usiwachanganye. Aliyeipigia kura jana Sinn Féin, chama cha wanaotaka Ireland moja, si lazima awe aliwahi kuficha silaha, na Mprotestanti wa mtaa wa Shankill hapa Belfast si lazima awe na ndugu kwenye kikundi cha mauaji.

Nchi iligawanywa mwaka 1921, machafuko ya karibuni yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960, zikafa roho zipatazo 3,500, na mkataba wa amani ulisainiwa Ijumaa Kuu, 10 Aprili 1998. Hayo mtayasoma wiki ya kwanza, siyarudii.

Ninachotaka kusisitiza ni hiki: shikeni kesi moja, muifuate mpaka mwisho wake. Wengi hufika na mada pana kama bahari, "amani na maridhiano", wakazama nayo. Mimi nilishika Jumapili ya Damu. Tarehe 30 Januari 1972, mjini Derry, askari wa miavuli wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji mtaa wa Bogside. Watu 13 walikufa siku hiyo, wa 14 akafa baadaye kwa majeraha. Kuna picha ya padri aliyeinama, anapunga kitambaa cheupe chenye damu ili waliombeba Jackie Duddy, kijana wa miaka 17 aliyepigwa risasi, wapite. Kitambaa chenyewe kiko kwenye jumba la makumbusho hapo hapo Bogside. Nendeni mkakitazame kabla ya kufungua kitabu. Ni leso tu, ya kawaida.

Kisha wekeni mezani ripoti mbili za uchunguzi wa siku ile. Ya kwanza ni ya Jaji Widgery, Aprili 1972: kurasa 39, iliyokamilika ndani ya wiki chache. Inasema baadhi ya askari walifyatua kwa namna iliyokaribia uzembe, lakini inawaachia marehemu doa la kushukiwa kwamba walishika silaha au mabomu. Ya pili ni ya Jaji Saville: tume iliundwa 1998, ripoti ikatoka 15 Juni 2010, kurasa kama 5,000, gharama ikikaribia pauni milioni 200. Hii inasema waliopigwa hawakuwa tishio kwa maisha ya mtu. Siku hiyo Waziri Mkuu Cameron aliomba radhi bungeni, akasema mauaji yale hayakuwa na uhalali wowote, na umati uliokuwa ukimtazama kwenye skrini kubwa nje ya ukumbi wa mji, Derry, ukalipuka kwa shangwe.

Msizisome moja baada ya nyingine. Someni kifo kile kile, mtu yule yule, kwenye zote mbili. Mtaona jinsi aya moja inavyoweza kumfanya marehemu mshukiwa kwa miaka 38. Na Saville msimsome kwa kuchagua. Anasema pia kwamba Martin McGuinness, siku zile mtu wa IRA (kundi la bunduki la wanaotaka Ireland moja), aliyekuja kuwa Naibu Waziri Kiongozi wa Ireland ya Kaskazini, inaelekea alikuwa na bunduki siku ile, ingawa hakufanya lolote la kuwapa askari sababu ya kufyatua. Ukiiruka sentensi hiyo kwa kuwa haikupendezi, msimamizi wako ataiona. Wangu aliiona.

Mwisho wa kesi hauko 2010. Mwanajeshi mmoja, anayejulikana mahakamani kwa herufi F tu, alishtakiwa kwa mauaji ya James Wray na William McKinney. Oktoba 2025 jaji akamwachia huru: ushahidi ulitegemea maelezo ya askari wenzake ya 1972, haukutosha. Hapo ndipo mwanafunzi mgeni huchanganyikiwa. Tume inaweza kusema ukweli, mahakama ya jinai ikashindwa kumtia mtu hatiani, na vyote viwili vikasimama kisheria.

Lililonishtua kuliko yote lakini ni la upande wa pili, la IRA. Kuta za Falls Road, mtaa wa Wakatoliki hapa Belfast, zimejaa picha za mashujaa, akiwemo Bobby Sands, mfungwa wa IRA aliyekufa gerezani 5 Mei 1981 baada ya siku 66 za kugoma kula. Piga picha, sawa. Halafu jiulize nani hayumo ukutani. Jean McConville, mjane wa watoto 10, alichukuliwa nyumbani kwake Belfast Desemba 1972 na IRA, akauawa, akazikwa kwa siri. Mwaka 1999 ikaundwa tume ya kutafuta miili ya waliopotezwa namna hiyo, na sheria yake inatamka kwamba taarifa utakayoipa haiwezi kutumika kukushtaki. Yaani familia inapewa mfupa, ila taarifa iliyouleta haifiki mahakamani. Mama huyo alipatikana 2003 ufukweni Louth, Jamhuri ya Ireland, tena na mpita njia, baada ya uchimbaji wa kumtafuta kwenye ufukwe wa jirani kutoka kapa. Nilikaa siku nzima na sheria ile fupi, nikijiuliza mimi ningeipokea. Sijapata jibu, na kwenye tasnifu niliandika hivyo.

Mkongo akija ataanzia pengine: Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyesafiri ndani ya Kongo 1903 na kuandika ripoti ya 1904 iliyouanika unyama wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Uingereza hiyo hiyo ilimnyonga Agosti 1916 kwa kutafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya mapinduzi ya Ireland. Mkenya atakutana na Frank Kitson, afisa wa jeshi la Uingereza aliyepambana na Mau Mau kisha akawa kamanda wa brigedi Belfast 1970 hadi 1972. Ni njia nzuri za kuingilia, ila msiwageuze Waayalandi kuwa sisi. Walikuwemo pia kwenye jeshi lile la mkoloni, wengi tu.

Mahojiano yana adabu zake. Usimuulize mtu alisoma shule gani kama unapiga soga. Huku ni njia ya kuuliza dini. Usirekodi bila karatasi ya idhini, na mweleze wazi kwamba hati ya mahakama inaweza kuifuata sauti yake hata ikiwa imehifadhiwa ng'ambo. Limeshatokea hilo, kanda zilizotunzwa chuo cha Boston zikadaiwa na polisi wa huku, na waliozungumza kwa kuaminishwa wakajuta. Na chai ukipewa, kunywa. Ya pili pia. Maneno ya maana huanza ukishavaa koti.

Mwisho wa Januari nendeni Derry. Baada ya ripoti ya Saville familia nyingi zilisema maandamano ya kila mwaka sasa basi. Nyingine zinatembea hadi leo, kutoka Creggan kushuka Bogside. Waliofiwa siku moja, mtaa mmoja, na hawakubaliani kama yamekwisha. Kaeni nyuma, simu mfukoni. Mvua hainyeshi kwa ngurumo kama ya kwetu, inachuruzika tu mchana kutwa, kwa hiyo vaeni viatu visivyopitisha maji.