Sahani inakataliwa mchana, njaa inakuja usiku

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu ana miaka 8, yuko gredi ya tatu hapa Kisauni. Daktari aligundua ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini, na tangu muhula huu anameza Ritalin saa moja asubuhi na saa sita mchana. Darasani ametulia, lakini chakula hataki. Mkebe unarudi umejaa. Saa tisa mavyaa anampakulia, anaisukuma sahani, na mimi naambiwa namlewesha mtoto. Saa tatu usiku, jiko limeshazimwa, ndipo analia njaa. Jirani anasema nimnunulie dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula. Nifanyeje?
Mama wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mtoto hana ukaidi. Methilfenideti, dawa iliyomo kwenye Ritalin, hupunguza hamu ya kula, na kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa saa nne hivi. Piga hesabu: cha asubuhi kinaishia saa tano, cha saa sita kinamfikisha saa kumi. Mkebe wa shule na sahani ya nyanyake vyote vinamkuta dawa ingali mwilini. Njaa ya usiku ndiyo njaa yake ya kweli, na hiyo ndiyo ya kuiandalia.

Asubuhi ale kwanza, kidonge kifuate. Mahamri kwa mbaazi za nazi, yai, kikombe cha maziwa: hapo bado ana hamu, mshibishe. Mkebe utie vitu vidogo tu, karanga, ndizi, kipande cha chapati. Mkebe ukirudi na kitu, usimhoji. Chakula chake kikubwa kiwe magharibi, wali na samaki na parachichi, kisha kabla ya kulala apate bakuli la uji uliotiwa maziwa na karanga za kusaga. Mtoto huyu asiambiwe jiko limefungwa.

Hiyo dawa ya jirani usiinunue. Nyingi za aina hiyo zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi. Aliyemwandikia Ritalin ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kwa umri wake apimwe uzito kila miezi 3, kimo kila miezi 6, na presha na mapigo ya moyo vilevile. Akipungua au akikwama kukua, daktari anaweza kubadilisha kipimo, saa za kumeza au dawa yenyewe, na pengine kumpumzisha wakati wa likizo. Usiisimamishe peke yako.

Mavyaa wako naye ana uchungu wa mjukuu, na nyanya akikataliwa sahani huumia. Mwombe yeye ndiye ampakulie magharibi, wakae pamoja, pasiwe na wa kuhesabu matonge. Siku ya kliniki nenda naye, hilo la kulewesha amwulize daktari mwenyewe.