Mmoja ananiita mama, mwingine ananiambia mimi si mama yake

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26. Wazazi wetu ni Wabembe wa Fizi, ila mimi na wadogo zangu wawili wa kiume tulizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kongo tunaisikia tu. Mama alifariki mwaka 2020, baba alishatuacha zamani. Agosti 2023 tuliletwa Marekani, hapa Kentucky, mimi nikiwa ndiye mkubwa wa familia kwenye makaratasi. Wadogo zangu, mmoja ana miaka 14, mwingine 9.

Napakia mizigo ghalani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Huyu wa 14 amekishika, kwa hiyo yeye ndiye anayenisomea barua, ndiye anayepokea simu, na hospitali naenda naye. Mwezi wa tatu shule ilipiga simu. Akaongea nao, akakata, akaniambia, "Wanasema naendelea vizuri." Mwezi wa tano nikakuta karatasi chini ya godoro lake, jirani akanisomea: alisimamishwa siku tatu kwa kupigana. Siku hizo tatu alivaa begi na kutoka kila asubuhi. Mpaka leo sijui alikuwa anashinda wapi.

Nilipomuuliza akanijibu kwa Kiingereza. Nikamwambia sema Kiswahili. Ndipo akasema, "Wewe si mama yangu." Na ni mwezi huo huo huyu mdogo ameanza kuniita mama. Alianzia shuleni kwa sababu wenzake wanachukuliwa na mama zao, sasa ni hata nyumbani, tena anachanganya Kiswahili na Kiingereza. Simkatazi, lakini kila akiniita hivyo nasikia kama nimemwibia marehemu. Picha yake tunayo moja tu, iko ndani ya ule mfuko wa IOM, shirika la uhamiaji, tuliosafiri nao. Sijautoa kabatini.

Mzee mmoja wa kanisa anasema fimbo ndiyo imekosekana. Mjomba aliye Texas anasema nimpelekee huyo mkubwa. Nimechoka, Shangazi, kuna usiku natamani kukubali.

Dada wa Wawili

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natazama miezi. Mdogo kuanza kukuita mama na mkubwa kukurushia lile neno, yote mwezi wa tano. Wewe umeyaandika kama mambo mawili. Mimi naliona moja.

Piga hesabu. Mama yenu alipofariki, huyu mdogo alikuwa na miaka minne. Sura ya mama hana, ana hadithi tu, kama mnampa. Mkubwa alikuwa na tisa. Anamkumbuka vizuri sana: sauti yake, kanga yake, alivyokuwa akisimama kwenye foleni ya mgao. Sasa huyo kijana ameketi mezani, anamsikia mdogo wake akimwita mtu mwingine mama, na hakuna anayeshtuka. Jina la mama yake limehamishwa bila yeye kuulizwa. Lile neno lilikuuma, najua, lakini nadhani alikuwa amemsimamia mama yake mlangoni, na aliyetokea mbele yake ukawa wewe.

Kwa hiyo mwambie ana haki. Kwa maneno hayo hayo: "Ni kweli, mimi si mama yako, mimi ni dada yako, na mama ni wetu sote." Usiongeze "lakini". Najua ulimi utawasha.

Kisha toa ule mfuko kabatini. Miaka miwili, mwanangu! Makaratasi yatie kwenye faili, picha mpelekee mpiga picha aikuze, itundike sebuleni mahali ambapo hata fundi wa bomba akiingia ataiona. Na jioni usiyokwenda kazini, mwombe mkubwa amsimulie mdogo habari za mama. Umwombe yeye, wewe kaa pembeni uchambue sombe, yaani kisamvu. Mdogo akiendelea kukuita mama, mwache. Mtoto wa miaka tisa hashindwi kuwa na mama ukutani na mwingine jikoni. Mimi mwenyewe nililelewa na dada yangu huko Muheza. Nilimwita Dada mpaka siku tunamzika, na mwaka mmoja nikiwa mdogo nilimwita Mama, kisha nikaacha mwenyewe. Hakuna aliyenisahihisha.

Sasa tuje kwenye ile simu ya mwezi wa tatu, maana hapo sina huruma na wewe kama unavyodhani.

Ulimpa mtoto kesi yake mwenyewe aihukumu. Shule inamshitaki, yeye ndiye mkalimani, hukumu anakusomea yeye. Ungekuwa na miaka 14 ungefasiri nini? Hata mimi ningesema naendelea vizuri. Na liko kubwa kuliko uongo. Nyarugusu watoto wa Kikongo husoma mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Huku watoto hupangwa darasa kwa umri zaidi kuliko walipofikia. Yaani mchana kutwa kijana wako anakaa na wenzake wa umri wake walioanza Kiingereza tumboni, anaonekana mzito, pengine wanamcheka, na ngumi nadhani zilitokea huko. Akirudi nyumbani anakuwa bwana mkubwa: anajua kodi ni kiasi gani, deni la tiketi za ndege limebaki ngapi, daktari amekwambia nini kuhusu tumbo lako. Mtu aliyekusomea majibu ya hospitali saa kumi jioni, saa mbili usiku utamwambiaje aoshe vyombo?

Mvue hiyo kazi. Sheria iko upande wako. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na lugha imehesabiwa humo. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco. Wewe mlezi una haki ya kuelezwa habari za mtoto kwa lugha unayoielewa, na mkalimani hulipii wewe. Hospitali nazo zinakatazwa kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa ikiwa ni dharura. Simu ikilia, sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter," halafu nyamaza. Usione haya kunyamaza. Wakikuletea mkalimani wa simu mwenye Kiswahili cha Mombasa kinachokupiga chenga, mwambie aseme taratibu. Ndiyo kazi yake.

Wiki hii hii omba kikao na shule, mkalimani awepo, kijana naye awepo akiwa amekaa kama mwanafunzi. Usiende kugombana. Uliza mambo matatu: walipigana kwa nini, masomo ya Kiingereza kwa wageni anapata saa ngapi kwa wiki, na kuna timu gani anaweza kuingia. Hilo la mwisho usiliache likapita. Ukimpokonya ukubwa wa nyumbani bila kumpa mahali pengine pa kuwa mtu, atautafuta kule alikoshinda zile siku tatu.

Habari ya fimbo. Mzee wa kanisa simdharau, analeta alichokijua. Lakini walimu wa huko wanalazimika kisheria kutoa taarifa wakishuku mtoto ameumizwa, na alama moja ya fimbo mgongoni inaweza kuwaletea watu wa ustawi wa watoto mlangoni. Hata kama isingekuwa hivyo, unampiga kwa kosa gani? Kwa kumkumbuka mama yake?

Kinachonitia hofu zaidi ni kazi yako ya usiku. Majimbo mengi ya huko hayakutaja kwenye sheria umri wa mtoto kubaki peke yake, ila hiyo si ruhusa. Jirani akipiga simu kwamba watoto wanalala wenyewe kila siku, utaulizwa wewe. Omba zamu ya mchana, na uombe kwa maandishi. Hata kama hela itapungua kidogo, omba. Kwa sasa mtafute mama mmoja wa jumuiya yenu awe analala hapo, naye umsaidie watoto wake mwisho wa wiki. Mkono mmoja haulei mwana, na wako unashika maboksi usiku kucha.

Na makaratasi. Kuwa mkubwa wa familia kwenye safari si lazima kuwe sawa na kuwa mlezi mbele ya mahakama ya jimbo. Waulize wale wa shirika lililowapokea kama una hati ya ulezi. Siku mmoja akihitaji upasuaji utaulizwa nani anaweka sahihi. Waulize pia kama kila mmoja wenu ameombewa green card, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, maana mkimbizi huiomba akitimiza mwaka. Usijidanganye kwamba wewe ukipata uraia, nao wamepata. Mtoto wa chini ya miaka 18 huupata kupitia mzazi, kwa dada haiko hivyo. Hawa kila mmoja ataomba wake akifikisha 18, hivyo tunza kila karatasi yao kama unavyotunza pumzi.

Huyu mdogo kuchanganya lugha, achana nako kwanza. Akikuuliza kwa Kiingereza mjibu kwa Kiswahili, maisha yaendelee.

Nimebakisha mjomba. Najua kwa nini unatamani, na kuchoka si dhambi. Ila mkubwa alishampoteza mama, akapoteza kambi aliyoijua na kila rafiki aliyekuwa naye. Ukimpandisha basi la Texas miezi michache baada ya kukuambia wewe si mama yake, atajua ametozwa nini kwa lile neno. Na mdogo ataanza kuchunga ulimi wake.

Mjomba mpigie leo. Mwambie unamhitaji, na usimdanganye. Aje Krismasi alale kwenu wiki nzima, amchukue kijana wakacheze mpira, wakae nje waongee ya wanaume, amweleze mama yenu alikuwa msichana wa namna gani kule Fizi kabla ya vita. Mpikie sombe na ndakala (dagaa), mfungashie za njiani, kisha arudi Texas kama alivyokuja, peke yake.

Shangazi