Jibu: Watson alishinda Senior Open 2003, mbona bingwa wa msimu akawa Mason?

Ndugu, umeuliza inakuwaje Mmarekani Tom Watson ashinde Senior Open, shindano moja la gofu la wakongwe, mwaka 2003, halafu bingwa wa msimu mzima wa gofu ya wakongwe wa Ulaya atajwe Carl Mason wa Uingereza.

Ziara ya wakongwe wa Ulaya, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji gofu wa kulipwa waliotimiza miaka 50, iliyoanza mwaka 1992, ilikuwa ikiwapanga kwa jumla ya fedha za zawadi walizovuna msimu mzima, na anayeongoza hukabidhiwa Kombe la John Jacobs. Watson alikuwa akicheza zaidi kwao Marekani, ilhali Mason alizunguka Ulaya wiki baada ya wiki, katika mashindano ambayo mengi huchezwa kwa siku tatu, mashimo 54, bila mchujo wa kuwaondoa njiani walio nyuma.

Senior Open yenyewe ni siku nne, mashimo 72, na mwaka huo huko Turnberry, Scotland, Mason alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju miwili. Mpira wake ukaingia kwenye mtego wa mchanga, uongozi wote ukayeyuka, na Watson akamshinda katika mashimo ya nyongeza.

Kwa maoni yangu, kilichofuata ndicho kinachostahili heshima kubwa zaidi. Mtu aliyepoteza taji namna hiyo alimaliza msimu akiwa kinara, akarudia mwaka 2004 na tena 2007, na hatimaye akafikisha ushindi wa mashindano 25 katika ziara hiyo, ilhali katika ziara kuu ya Ulaya alikuwa ameshinda mara mbili tu, zote mwaka 1994.