Kamera ilisema hakuna saratani, mkanda unasema vingine

SWALI: Habari yako sista. Mume wangu ana miaka 41, analima mpunga hapa Ahero. Tangu Februari akila matonge matatu ya ugali anasema ameshiba. Mkanda ameutoboa matundu mawili mapya. Duka la dawa walimpa omeprazoli, ikamtuliza wiki kadhaa, kisha maumivu yakarudi. Mwezi wa sita alipigwa kamera ya tumbo, wakakata vipande viwili, majibu yakaja: tumbo limechubuka kidogo, hakuna saratani. Lakini anazidi kukonda. Mama mkwe anasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, eti alihamia boma lake kabla ya kaka yake mkubwa. Nakumbuka pia shangazi yake, dada wa babake, alikufa kwa ugonjwa wa tumbo akiwa bado kijana. Je, kamera inaweza kudanganya?
Mke mwenye wasiwasi, Ahero

JIBU: Mama, kamera haidanganyi, ila inaona juu tu. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha kamera hapa Nakuru miaka 19. Daktari ndiye anayeangalia kioo. Mimi hufungua na kufunga kile kikoleo cha kukatia, na kuhesabu vipande vikiingia kwenye chupa ya fomalini. Kwa hiyo katika barua yako yote, neno lililonikaa kooni ni "viwili".

Saratani nyingi za tumbo huota kama uyoga au hufanya kidonda, na hata mwanafunzi ataziona. Kuna nyingine isiyo ya kawaida, kali zaidi, ambayo seli zake hazishikani kufanya uvimbe. Hutambaa mojamoja chini ya utando laini wa tumbo. Umeona nyumba ya udongo iliyoliwa na mchwa? Lipu ya nje nzima, fito ndani zimekuwa unga. Kikoleo kikichuna lipu, maabara hupokea lipu na kuandika "hakuna saratani". Hawakukosea, walisoma walicholetewa.

Kinachouumbua ugonjwa huu mara nyingi ni hewa. Tukipuliza hewa, tumbo zima hufunguka na mikunjo yake ikalala. Lililoingiwa hukakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani, unapuliza, halitanuki. Tumbo la namna hiyo matonge matatu hulijaza. Basi chukua ripoti ya mumeo utazame: wameandika kama tumbo lilitanuka vizuri? Kama hawakuandika, uliza.

Sisemi ana saratani. Vidonda, kifua kikuu, sukari, vyote hukondesha, na vipimwe. Lakini mtu wa miaka 41 anayekonda na kushiba upesi hafungiwi faili kwa vipande viwili. Kamera irudiwe, vipande visipungue sita hadi nane, na baadhi vikatwe palepale palipokwisha kukatwa ili kikoleo kishuke chini ya lipu. CT skani ya tumbo ifuate. Kuna pia ultrasaundi inayoingia na kamera na kupima unene wa ukuta, ingawa haipatikani kila mahali. Wakati mwingine daktari wa upasuaji huingiza kamera kupitia kitundu kwenye fumbatio, maana ugonjwa huu hupenda kunyunyizika huko bila kuonekana kwenye picha. Zile slaidi za kwanza, vioo vya maabara vyenye vile vipande viwili, pia zina kazi: omba zisomwe na mtaalamu wa pili.

Mwambie daktari kuhusu omeprazoli. Dawa hiyo inaweza kufunika kidonda cha saratani kwa muda, kila mtu akadhani amepona. Siku hizi inanunuliwa kama peremende, na hilo linaniudhi.

Shangazi naye asisahaulike. Mwaka 1998 watafiti walieleza hitilafu ya jeni iitwayo CDH1 katika ukoo wa Wamaori wa Nyuzilandi uliokuwa ukizika watu wake kwa saratani hiihii, wengine wakiwa vijana kabisa. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na kwa wanawake huja pia na aina fulani ya saratani ya matiti. Wagonjwa wengi hawana hitilafu hiyo, lakini waulize wazee: nani mwingine alikufa kwa tumbo au titi, na alikuwa na umri gani? Andika kwenye karatasi uende nayo.

Nendeni hospitali ya rufaa ya JOOTRH Kisumu, ile wazee huita Russia, wiki hii, bima yake ya afya ya SHA ikiwa imelipwa. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, msingoje hata kesho.

Kuhusu chira, sibishani na mama mkwe wako. Kama kuna la kutengenezwa kati ya mume wako na kaka yake, litengenezwe jioni, mkirudi kutoka Kisumu. Tena mwombe mama aje nanyi. Yeye ndiye anayejua shangazi aliugua vipi.

Ukirudi niandikie, na uniambie safari hii chupa ilikuwa na vipande vingapi.