Kabla ya kukariri "always" na "never", mtazame kitenzi

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amechukia. Anajiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, na anayemfundisha amemkatia kwa kalamu nyekundu sentensi hii: "Usually I read at night." Maelezo aliyopewa ni kwamba vielezi vya aina hiyo, yaani maneno yanayoonyesha jambo hufanyika mara ngapi, hukaa kabla ya kitenzi, basi, hakuna mjadala. Ananiuliza: "Kaka, ina maana miaka yote hii nimekuwa nikisema vibaya?"

Hapana, dada. Sentensi yako ni sahihi, na aliyeikata ndiye anayetakiwa kurudi darasani. Nasema kwa ukali kwa sababu yalinikuta. Nikiwa mwanafunzi niliandika "Sometimes my brother helps me", daftari likarudi na mkasi mwekundu. Nilipouliza kosa liko wapi, nikaambiwa mbele ya darasa zima kwamba najifanya mjuaji. Darasa likacheka. Leo Kiingereza ndicho kinachonilisha: nahariri barua na ripoti za watu, wengine wamesoma kunizidi, na katika IELTS hiyohiyo, upande wa kuzungumza, nilipata 8 kati ya 9. Yule mwalimu sina kinyongo naye. Au tuseme kinapungua.

Vitabu vingi huanza somo hili kwa ngazi ya asilimia: "always" 100, "usually" 80 au 90, "often" 70, "sometimes" 50, "never" 0. Watu wanaikariri kama namba ya simu. Fungua vitabu viwili uone kama asilimia hizo zinalingana. Mwaka 1944 mtafiti wa Marekani, Ray Simpson, aliwauliza wanafunzi kila neno la namna hii linamaanisha mara ngapi kati ya 100, na mwaka 1968 Milton Hakel akalirudia zoezi hilo. Lipi liko juu na lipi liko chini, watu walikubaliana vizuri tu. Lakini "often" ya huyu na "often" ya yule zilipishana mno. Kwa hiyo shika mpangilio, namba ziache.

Kinachowaangusha watu ni mahali pa kuliweka neno, na hapo mwenye amri ni kitenzi. Kitenzi kikiwa cha kawaida, kielezi kinatangulia: "She often calls me." Kikiwa "am", "is", "are", "was" au "were", kielezi kinakuja nyuma: "He is never late." Pakiwa na kitenzi kisaidizi, kielezi kinaingia kati yake na kitenzi kikuu: "You should always check the date." Visaidizi vikiwa viwili, kinakaa baada ya cha kwanza: "I have often been told that." Kwenye swali kinabaki nyuma ya kiima: "Do you usually work late?" Kanuni zenyewe ndizo hizo, na ukizisoma jioni moja zinakaa kichwani.

Shida yetu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili iko kwingine. Sisi tuna "hu-" na tuna "huwa". Tukisema "huwa naamka mapema", mazoea yameshaingia ndani ya kitenzi. Tukihamia Kiingereza, ile "huwa" inatafuta pa kukaa, haipaoni, inaishia kwenye "am": "I am usually wake up early." Sentensi ya sura hii nimeifuta kwenye barua za mameneja, za waombaji kazi, za watu wenye shahada mbili. Hiyo "am" haina kazi pale. "I wake up early" peke yake tayari inabeba mazoea, na "usually" inaongeza tu kwamba kuna siku unachelewa.

Ndugu yake ni "I use to wake up early", inayotumiwa kana kwamba ni "huwa". "Used to" ni ya mambo yaliyokwisha. Mtahini akikuuliza unafanya nini siku za mapumziko, ukajibu "I used to visit my parents", umemwambia kwamba siku hizi huendi tena kwa wazazi wako. Atakuuliza kwa nini, na hapo ndipo jasho linapoanza.

Kuna na "ever". "Nimewahi kumwona" inatuponza, tunasema "I have ever seen him". Neno hilo makao yake ni kwenye swali, kwenye sentensi kanushi, penye "if", na penye sifa ya kupindukia, kama "the best teacher I have ever had" (sentensi ambayo mimi sijapata pa kuitumia). Ukiulizwa "Have you ever...?", jibu "Yes, I have", au "Yes, once", kisha simulia.

Sasa lile la mwanzo wa sentensi. "Usually", "normally", "often", "sometimes" na "occasionally" zinaweza kutangulia bila tatizo lolote. "Always" na "never" hazianzi, isipokuwa unatoa amri au agizo: "Always lock the door." "Never share your password." Ukitaka kuanza maelezo kwa "never", "rarely" au "seldom", lazima mpangilio ugeuke kama wa swali: "Rarely does she complain." Ni Kiingereza cha hotuba. Usikipeleke kwenye ujumbe wa kuomba ruhusa ya kwenda kliniki.

Penye ukanushi ndipo ninapoomba utulie, maana hapo kosa linaweza kukugharimu mteja. Majuzi nilihariri barua ya mhasibu aliyetaka kusema kwamba risiti zao huchelewa wakati mwingine. Aliandika: "We always don't send receipts on time." Isome tena. Amekiri kwamba hawajapata hata siku moja kupeleka risiti kwa wakati! Nilihamisha neno moja tu: "We don't always send receipts on time." Hapo mteja anaelewa kwamba kuna nyakati zinachelewa. "Sometimes" nayo huenda kinyume, hutangulia ukanushi: "I sometimes don't hear the phone." Na "never" inajitosheleza. Sisi tunasema "sili kamwe", ukanushi juu ya ukanushi, lakini Kiingereza sanifu hakitaki "I don't never eat meat". Ni "I never eat meat".

Zile zenye hesabu, "every day", "once a week", "twice a year", zipeleke mwisho wa sentensi au mwanzoni. Katikati hazikai.

Mtaniuliza nilifanyaje hadi nikafika hapa. Nilizungumza peke yangu. Nikipika, nikitembea, natunga sentensi za maisha yangu mwenyewe kwa sauti. Sikuwa na kitabu cha maana wala mtu wa kunisahihisha, na ndiyo maana sina subira na anayeniambia hana muda. Muda upo. Tatizo ni kwamba watu wanataka orodha ya maneno thelathini wabandike ukutani. Sehemu ya kwanza ya kuzungumza kwenye IELTS ni dakika 4 hadi 5, maswali ni ya maisha yako, na "How often do you...?" haikosi kukunyemelea. Mwenye orodha ukutani anajibu "Yes, always", kimya. Aliyezoea kujisemea anajibu: "I usually read before bed, but when work piles up I hardly ever open a book." Sentensi moja, vielezi viwili, na mtu anaonekana ndani yake. Zungumza peke yako. Narudia: zungumza peke yako.

Ila uwe makini na hiyo "hardly". "I hardly work" maana yake ni kwamba kazi karibu hufanyi kabisa. Mchapakazi husema "I work hard".

Na wanaouliza matamshi ya "often": iwe na t inayosikika au isiyosikika, zote mbili zimo kwenye kamusi. Atakayekucheka, mpe kamusi afungue mwenyewe.